Sauti ya Tatu Kwenye Stoo ya Kahawa

“Pumzika kwanza, mwalimu,” aliniambia kiongozi wa kwaya yetu. “Usijilazimishe. Sauti ikirudi, na wewe utarudi.”

Tulikuwa tumesimama kwenye ngazi za kanisa baada ya Misa ya pili, watu wakitupita kwenda kwenye mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka. Alikuwa ameushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, kama mtu anayetoa pole msibani. Ni kijana niliyemfundisha jiografia kidato cha pili, na tangu wakati huo hajawahi kunipita bila kuniamkia. Siku ile pia aliniamkia shikamoo vizuri kabisa, halafu akanitoa kwenye kwaya niliyoiimbia tangu nilipoolewa hapa Kibosho.

“Kwanza mpaka lini?” nikamuuliza.

“Mpaka itakaporudi.”

“Na isiporudi?”

Akaangalia viatu vyake. “Tutamwomba Mungu, mwalimu.”

Nyuma yetu dalali wa mnada alikuwa anapigia kelele mkungu wa ndizi, na mtu mmoja akaupandishia bei kwa mbwembwe, watu wakacheka. Nilishuka njia ya nyumbani nikiwa bado nimevaa sare ya kwaya. Kila niliyekutana naye aliniuliza mbona mapema, leo hakuna mazoezi? Nikawa najibu kwamba nimepumzishwa. Nililisema neno hilo waziwazi makusudi, ili asiwepo mtu wa kuja kuninong’oneza baadaye kana kwamba ni siri.

Sababu ilikuwa shingoni mwangu. Miezi kadhaa kabla ya hapo nilipasuliwa hospitalini Moshi mjini, wakatoa rovu lililokuwa limekaa kooni kwangu miaka mingi kama yai la bata. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kovu lilipona likabaki mstari mwembamba tu. Lakini neva inayoendesha sauti ilikuwa imevutwa wakati wa kazi ile, na nilipoamka nilikuta nina mnong’ono. Daktari hakunificha. Kuongea nitaongea, alisema, na darasani nitarudi. Kuhusu kuimba, tusubiri tuone. Mnong’ono ukageuka mkwaruzo, mkwaruzo ukageuka sauti, ila haikuwa ile niliyokwenda nayo hospitali. Mimi nilikuwa sauti ya kwanza. Nilikuwa yule anayeachiwa kupanda juu wakati wenzake wanavuta pumzi. Sasa nikijaribu kupanda, sauti ilikatika njiani kama kamba ya ndoo. Huku chini ilitoka nzito, ina vumbi vumbi, kama ya mtu mwingine aliyekaa kifuani kwangu.

Wanafunzi waliizoea upesi. Mimi sikuizoea. Na yule kijana aliponiambia nipumzike, niligundua kwamba nilikuwa sijawahi hata kuisikiliza vizuri. Kila nilipofungua mdomo nilikuwa natafuta ile ya zamani, nikiikosa nanyamaza.

Kwa hiyo nilifunga mlango wa chumbani, nikaegemeza simu kwenye kikombe, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikaimba ubeti mmoja wa wimbo wa shukrani tunaouimba wakati wa matoleo. Kisha nikausikiliza.

Ulikuwa mbaya. Sitafuti neno la kuupamba. Nilisikia mwanamke anayemfukuza mbuzi kwenye maharage. Nikaufuta, nikaiweka simu chini ya mto kana kwamba ingeweza kwenda kunisema kwa watu. Kesho yake baada ya shule nikarudia, na kesho kutwa tena. Nikaanza kutilia shaka simu yenyewe, maana kila kitu kilichopita ndani yake, hata kukohoa kwangu, kilitoka kama kinasemwa ndani ya debe. Nikajiambia kwamba kabla sijakubali hukumu ya mtu yeyote juu ya sauti hii, akiwamo yule kijana na mimi mwenyewe, lazima niisikie ilivyo.

Jumamosi nikashuka Moshi. Kuna duka moja la redio na vipaza sauti karibu na soko, la mzee mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa mji huuhuu, anayeongea Kiswahili cha Moshi kutuzidi wengi wetu. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, miwani iko kwenye ncha ya pua.

“Karibu, mama. Maiki ya kanisa?”

“Hapana.”

“Ya kwaya?”

“Hapana, mzee. Ya kwangu.”

“Unahubiri?”

“Nataka kujirekodi nikiimba. Nyumbani.”

Akanitazama juu ya miwani. “Kwa ajili ya nani?”

“Kwa ajili yangu.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, na jibu la kicheko nilikuwa nalo tayari mdomoni. Aliyecheka ni kijana mmoja aliyekuja kununua spika ya bajaji yake. “Mama anataka kutoka kimuziki!” akasema. Nikamwambia kutoka nimeshatoka tangu asubuhi, sasa nataka kurudi nyumbani na maiki. Mzee naye akacheka, lakini alimcheka yule wa bajaji.

Akatoa maiki moja kubwa yenye sanduku lake lenye kitambaa chekundu ndani, akanionyesha, halafu akasita.

“Nyumba ni ya mabati?”

“Ndiyo.”

“Ina dari?”

“Chumbani ipo. Stoo haina.”

Akaifunga ile kubwa akairudisha kwenye rafu. “Hii itasikia kila kitu. Itasikia kuku wa jirani. Chukua hii ndogo, inasikia kilicho mbele yake tu. Pesa itakayobaki, nunua blanketi nzito uzitundike ukutani.”

Sikuwahi kuona mfanyabiashara akinishushia bei mwenyewe. Nilinunua ile ndogo, kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta, na spika za masikioni, zile kubwa zinazofunika sikio lote. Kompyuta mpakato ya kazini nilikuwa nayo. Programu ya kurekodia aliniandikia jina lake kwenye kipande cha boksi, akasema ni ya bure na nisikubali mtu aniuzie.

Stoo ninayoisema ni ya baba mkwe, Mungu amrehemu. Aliijenga kwa mbao nene wakati kahawa ilikuwa kahawa, pembeni kidogo ya nyumba, katikati ya migomba. Sasa kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, mibuni imebaki michache, tumepanda parachichi, na stoo ilikuwa na magunia matupu, mashine ya kumenyea kahawa iliyoshika kutu, na buibui. Mama mkwe wangu, ambaye ndiye mwenye mji kwa kuwa mume wangu anafanya kazi Dodoma, alinikuta nakokota godoro kuelekea huko.

“Unahamia stoo?” akauliza. “Umegombana na nani, na mume wako hayupo?”

“Sijagombana, mama. Nataka mahali pa kuimbia.”

“Kanisani kumejaa?”

“Kanisani wamenipumzisha.”

Alijua. Wote walijua. Akaliangalia lile godoro, akaiangalia stoo. “Hiyo ni stoo ya kahawa. Baba yenu hakuijenga iimbiwe.”

“Kahawa yenyewe iko wapi, mama?”

Lilikuwa jibu kali, na nililiona likimwingia. Kwa mama mkwe, kahawa ndiyo iliyosomesha watoto wake, na kuisema vile ni kama kumsema marehemu. Akavuta kanga yake mabegani.

“Kahawa itarudi,” akasema.

“Basi ikirudi itanikuta ndani.”

Hakunizuia, na mimi nikaendelea kukokota godoro.

Nililisimamisha godoro kwenye ukuta mmoja, kuta nyingine nikatundika blanketi, juu nikatandaza magunia kwa kamba ili yanyonye mwangwi wa bati. Umeme niliuvuta kutoka jikoni kwa waya mrefu. Maiki niliifunga kwenye mpini wa fagio uliochomekwa kwenye ndoo ya mchanga. Nilijifunza kwamba nikitamka herufi ya pe karibu na maiki, pumzi inapiga kama kofi, basi nikachukua soksi ndefu nyembamba nikaitandaza kwenye duara la kufumia vitambaa, nikaiweka mbele yake. Kofi likaisha. Nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti cha ualimu, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Mambo mengine hayakuisha kirahisi. Nilipovaa zile spika za masikioni kwa mara ya kwanza na kuipandisha sauti ya maiki, nilisikia maji. Nikatoka nje kuangalia kama bomba linavuja. Halikuvuja. Ulikuwa ni mfereji unaopita nyuma ya kihamba, ule unaoshuka kutoka msituni, ambao nimeuvuka kila siku tangu niolewe na nilikuwa nimeshaacha kuusikia. Kumbe hata hiyo ndogo ina masikio. Nikageuza maiki, nikaupa mfereji mgongo. Mvua ikinyesha juu ya bati nilizima kila kitu nikatoka, kwa sababu hakuna blanketi la kushindana na masika ya Kibosho. Siku nzuri ilikuwa siku ya soko, wakati majirani wote wameshuka na ndizi zao na mashine ya kusaga imelala.

Halafu kulikuwa na jogoo. Jogoo wa mama mkwe alikuwa na kipaji cha kusubiri mpaka nifike kwenye neno la mwisho la ubeti. Siku moja nilitoka stoo nimechoka naye, nikamwomba mama amfungie bandani kidogo tu.

Alikuwa anamenya ndizi za mtori. Hakuinua hata kichwa. “Na huyo naye unataka apumzishwe?”

Nilisimama pale na hasira yangu, ikanikimbia, nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka, lakini aliendelea kumenya ndizi akiwa ameuma midomo. Jogoo aliachwa. Kwenye rekodi zangu za mwanzo yumo, na sijamfuta.

Kilichonishinda kwa muda mrefu ni kuweka sauti juu ya sauti. Nilitaka kujirekodi mstari mmoja, kisha niusikie masikioni na kuimba mwingine juu yake, kama kwaya ya mtu mmoja. Nikijaribu, sauti yangu ilinirudia imechelewa, kama mtu anayeita upande wa pili wa korongo, na mimi nikaanza kumngoja huyo wa korongoni, mwishowe tukapotea wote. Nilijaribu siku nyingi baada ya shule. Niliazimia kuacha, nikakumbuka ile mikono miwili iliyonishika kwenye ngazi za kanisa, nikakaa tena. Hatimaye nilikuta kwenye kile kisanduku kitufe kidogo kinachokufanya ujisikie moja kwa moja bila kupitia kompyuta. Kilikuwepo siku zote. Nilikibonyeza, nikaimba, na kwa mara ya kwanza tukawa wawili tunaokwenda pamoja.

Hapo ndipo nilipoanza kuisikia sauti yangu kwa haki. Maiki haina huruma na haina chuki. Niliposikiliza rekodi za ule wimbo wa matoleo moja baada ya nyingine, niliona mahali palepale sauti inapokatika kila mara. Niliona pia kitu ambacho nilikuwa sijakitazama: chini ya mahali pale haikukatika kabisa. Ilisimama. Ilikuwa na mkwaruzo, ndiyo, lakini ilishika noti kama mtu anavyoshika jembe. Nilikuwa naendelea kuomboleza chumba cha juu kilichofungwa, na chini kuna nyumba nzima.

Nikaacha mstari wa wanawake. Nikachukua sauti ya tatu, ile wanayoimba wanaume wetu wembamba wa upande wa kulia, nikaiimba hapohapo inapokaa, bila kuipandisha. Ikanikaa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyangu. Nikarekodi ya tatu, nikarekodi ya pili juu yake, kisha nikairudia ya tatu mara nyingine ili ipate unene. Nikakaa kwenye gunia nikasikiliza. Kovu lilikuwa linanipiga shingoni kwa sababu ya kuimba sana. Sikulia. Nilisema kwa sauti, peke yangu, “Haya, nani apumzike?”

Wakati huo nilirudi kliniki Moshi. Daktari akaniangalia kooni kwa kamera yake ndogo, akasema kwa upole kwamba neva imepona kadiri itakavyopona, na sauti niliyo nayo huenda ndiyo nitakayobaki nayo. Nadhani alitegemea nihuzunike. Nikamwambia ninaifahamu, tumeshazoeana.

Nilimtumia mume wangu ile rekodi kwenye simu bila maelezo. Alinipigia upesi.

“Wimbo mzuri,” akasema, lakini kwa sauti ya tahadhari. “Huyo mwanaume ni nani?”

“Mwanaume yupi?”

“Anayeimba na wewe. Mama ameniambia unashinda stoo. Hakuniambia mko wawili.”

Nilitaka kukasirika. Kwa nusu dakika nilikasirika kweli, kwa sababu mtu aliyelala na sauti yangu sikioni miaka yote hii alikuwa ameisikia na hakunitambua. Kisha nikamwambia, “Huyo mwanaume ni mimi. Na mwanamke ni mimi. Na jogoo ni wa mama yako.”

Kisha akaniomba nimwimbie pale pale kwenye simu, sijui kwa kuhakikisha au kwa kuomba radhi. Nikamwimbia sauti ya tatu, nimesimama uani, kwa nguvu. Alipomaliza kusikiliza alisema kitu kimoja tu: “Kumbe.” Lakini aliusambaza wimbo ule kwenye kundi la simu la ukoo bila kuniuliza, na kutoka kwa ukoo ukafika kwenye jumuiya yetu, na kutoka jumuiya ukafika kwenye kwaya. Kwa siku kadhaa watu walinisimamisha njiani kuuliza ni kwaya gani ile, na tenor wao, yule wa sauti ya tatu, ametoka wapi. Nilimwambia kila aliyeuliza.

Ndipo yule kijana akaja. Alikuja Jumapili mchana pamoja na mwenyekiti wa kwaya, mzee wa makamo mwenye duka la pembejeo. Kijana alikuwa amebeba jani la sale lililofungwa fundo. Mtu wa kwetu akikuletea jani hilo, la mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, anakuomba msamaha, na kulikataa ni aibu inayobaki kwenye ukoo. Mama mkwe aliwatolea viti, akaketi nasi. Hakuna aliyeweza kumwambia aondoke kwenye uwanja wake.

“Mwalimu, shikamoo,” alisema kijana. “Tumekuja kuomba radhi. Siku ile sikusema vizuri.”

“Marahaba. Hukusema vizuri.”

Akanipa jani kwa mikono miwili. Nikalipokea. Nilikuwa bado nina hasira, na nilishangaa kuona kwamba mtu anaweza kupokea jani na kuwa na hasira kwa wakati mmoja. Lakini nilipotamka kwamba nimemsamehe, nilikuwa namaanisha.

Mwenyekiti akakohoa. Parokia inajiandaa kwa jubilei, akasema, na kwaya inataka kutoa nyimbo zake zimerekodiwa. Studio za mjini ni ghali. Wamesikia kazi yangu. Wanaomba niwarekodi.

“Ni jambo jema,” nikasema. “Mimi nitaimba sauti ipi?”

Wakatazamana.

“Wewe utakuwa kwenye mitambo, mwalimu,” alisema kijana.

“Mitambo yangu haihitaji mtu wa kuikalia muda wote. Nikishabonyeza naweza kusimama na wenzangu. Naomba sauti ya tatu.”

“Ya tatu ni ya wanaume.”

“Umeisikia rekodi yangu. Ina kasoro?”

“Haina.” Alikuwa mkweli, hilo nampa. “Ina ukwaruzo, lakini inafaa. Tatizo si sauti. Ni mpangilio. Mwanamke akisimama katikati ya wanaume, sare yake tofauti, siku ya jubilei, mbele ya askofu… Watu watacheka, mwalimu. Watakucheka wewe. Mimi nakulinda.”

“Nani alikuomba unilinde?”

Nikaweka jani la sale mapajani, nikalinyoosha ncha.

“Kijana wangu, nimekusamehe, na nitakula na wewe na kunywa na wewe. Lakini siwezi kurekodi kwaya ambayo siruhusiwi kuimba. Mkinitaka, mnitake pamoja na koo langu.”

Mwenyekiti akageuza kichwa kwa mama mkwe, kama mtu anayekata rufaa. “Mama, wewe unajua desturi. Sale halikataliwi.”

Mama mkwe alikuwa ameketi, mikono ndani ya kanga. Nilidhani atawapa haki, kwa sababu hakuwahi kusema neno moja jema kuhusu stoo.

“Amekataa wapi?” akasema. “Mmeomba msamaha, ametoa. Sale ni la msamaha, si la kibarua.” Kisha akasimama kwenda kuwaletea mbege, pombe yetu ya ndizi, maana wageni ni wageni.

Waliinywa, wakaaga kwa heshima, wakaondoka. Tulipobaki wawili nilimshukuru. Akaniambia nisimshukuru, ila niutoe ule waya wangu mlangoni mwa jikoni kabla haujamwangusha mtu.

Kwaya ilirekodi mjini. Nilizisikiliza nyimbo zao zilipotoka, zote, kwa zile spika zangu za masikioni. Ni kazi nzuri. Sauti ya tatu ni hafifu. Sisemi kwa uchungu. Au tuseme nasema kwa uchungu, lakini pia ndivyo ilivyo, na yeyote mwenye masikio anaweza kusikiliza.

Lakini kabla ya hapo, Jumapili iliyofuata baada ya yule kijana na mwenyekiti wake kuja kwangu, nilikwenda Misa ya pili kama muumini wa kawaida. Nilikaa benchi la pili kutoka mbele, upande wa kulia, chini kidogo ya kwaya. Wimbo wa kuingilia ulipoanza, nikaimba sauti ya tatu. Sikupiga kelele, lakini sikujificha. Mama aliyekuwa mbele yangu aligeuka kuona mwanaume gani amekaa nyuma yake, akanikuta mimi, akageuka haraka, mabega yanamtikisika. Acha yatikisike. Kwenye wimbo wa matoleo nilisikia wale wanaume wembamba wa kwaya wakiniegemea, sauti yao na yangu zikashikana, na mstari mzima ukanyanyuka. Walisikia. Mmoja wao aliangalia chini moja kwa moja kwangu, akaendelea kuimba huku anatabasamu. Mpiga kinanda alikosea mahali, akajirekebisha.

Baada ya Misa yule kijana alinipita kwenye ngazi. Hakuniamkia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu awe mtoto wa kidato cha pili, na iliniuma kuliko nilivyotarajia. Katikati ya wiki akatuma ujumbe kupitia mwenyekiti wa jumuiya: kwaya inaomba nisiwachanganye waumini kwa kuimba sauti isiyo ya kwangu.

Nikamjibu yule mwenyekiti, tukiwa tumesimama kwenye njia ya kwenda shuleni na daftari za wanafunzi mkononi mwangu. “Mwambie ni ya kwangu. Ninayo rekodi. Na padri kila Jumapili anasema tuimbe wote. Siku atakaposema tuimbe wote isipokuwa mimi, nitanyamaza.”

Padri hajasema. Mimi nakaa benchi lilelile, na siku hizi huyo mama wa mbele hageuki tena, ila mara moja moja huniegemea naye, anaikosa noti, anarudia. Kwaya haijaniita. Sijawaomba tena. Nikikutana na yule kijana namwamkia mimi kwanza, kwa kuwa jani nililipokea, na yeye huitikia akiangalia pembeni.

Mchana wa siku za soko niko stoo. Sasa natunga vyangu. Nimeanza wimbo wa sauti nne, zote zangu. Ya kwanza naiimba pale inapofika tu, kisha naishusha bila kuona haya. Ya pili na ya tatu zimekamilika. Iliyobaki ni besi, na besi bado inanishinda: noti mbili za chini kabisa zinatoka upepo mtupu. Jana nimejaribu mpaka mama mkwe akagonga ukuta kuuliza kama kuna ng’ombe humu ndani.

“Bado, mama,” nikamjibu kupitia mbao. “Lakini namtafuta.”